Kaseti ya Kwenda na Kurudi

Vijana wangu wa studio, siku mliyoniaga mlinipa chupa ya chai na khanga nzuri, mkanipigia makofi, halafu mmoja wenu akasema, "Mama Sauda, tuandikie kidogo kuhusu zamani." Kidogo! Nimeishi na mashine za sauti tangu wengi wenu hamjazaliwa, na hicho kidogo chenu kimenikosesha raha mwezi mzima. Haya, nimeandika. Msitafute humu habari za vyeo wala mshahara. Vyeo vyangu mnavijua, na mshahara tuuache upumzike kwa amani. Nitawaandikia kazi yenyewe, na hasa kaseti moja, kwa sababu ninyi mnafuta sauti kwa kidole na kusahau, na mimi nimeona kwamba sauti haifutiki kirahisi hivyo.

Nilianza mtaa wa Kimisagara mwaka wa tisini, kwa Mzee Ramazani, fundi wa redio aliyetoka Uvira. Mimi ni mtoto wa Nyamirambo, Kiswahili nimenyonya, na mume wangu alikuwa ameshaondoka na akili zake na akili zangu kidogo. Mzee alitaka mtu mwenye vidole vyembamba na asiyependa maneno mengi. Vidole nilikuwa navyo. Siku ya kwanza alinipa redio iliyokufa na bisibisi, akaniambia nifungue. Nilipofungua wakatoka mende, familia nzima, nikapiga kelele mpaka fundi viatu wa jirani akaja na nyundo. Mzee hakucheka. Alisema hao ndio mafundi wenzangu, walitangulia kufika, niwaheshimu.

Duka lilikuwa la vyumba viwili. Mbele tulitengeneza redio na kunakili kaseti. Nyuma kulikuwa na kijichumba cha kurekodia, tumekiziba kwa godoro kuukuu, blanketi na trei za mayai. Mtu akiingia humo na mlango ukifungwa, sauti yake mwenyewe ilimrudia puani. Wengine walitoka mbio, wakisema wamesikia damu yao ikitembea. Na kweli, ukikaa humo kimya, unaisikia.

Mzee alikuwa na sheria moja, na alinifundisha kabla hajanifundisha kushika chuma cha solda. "Weye sikiliza mashine," alisema. "Maneno ni ya wenyewe." Maana yake, fundi akivaa hedifoni asikilize kama sauti imepasuka, kama mvua ni nyingi, kama utepe unatembea sawa. Mvua ndiyo tuliita ule mchirizo wa chinichini, ssssss, unaokaa kwenye kila kaseti. Lakini anachosema mtu, mahubiri, harusi, ugomvi wa shamba, hayo si yako. Ukiyasikiliza utarudi nyumbani umebeba mji mzima kichwani. Niliishika sheria hiyo vizuri. Niliweza kunakili mahubiri ya saa nzima nisijue kama tumeambiwa twende peponi au motoni.

Sasa niwaambie kuhusu barua za kaseti, maana ninyi mna simu. Miaka ile, mtu mwenye ndugu Bukavu, Bujumbura au Kampala hakuandika sana. Alinunua kaseti, akakaa mbele ya redio, akazungumza, akampa mama wa vitenge au dereva aipeleke. Kule walikusanyika ukoo mzima wakasikiliza. Na kwa kuwa kaseti nzuri ilikuwa adimu, hawakutuma nyingine. Walijibu juu ya ileile. Sauti ya mama ikafutwa na sauti ya mtoto, ya mtoto ikafutwa na ya mama, kaseti ikaenda na kurudi mpaka utepe ukachakaa. Tuliziita kaseti za kwenda na kurudi. Kila mtu alifuta alichopewa ili apate nafasi ya kujibu, na hakuna aliyeona ajabu.

Kazi hiyo ina mambo ya kutisha, msidanganywe. Utepe uliokaa muda mrefu umekunjwa huambukizana. Safu ya juu huipaka safu ya chini, na ukicheza kaseti hiyo unamsikia mtu kwa mbali sana, mdogo kama yuko kisimani, akisema neno kabla hajalisema. Kisha analisema. Mara ya kwanza nilivua hedifoni nikasoma Bismillahi. Mzee akanieleza kwamba ni sumaku tu. Nilimwamini, lakini tangu siku ile sikupenda kuwa peke yangu na kaseti za marehemu.

Muziki uliokuwa ukiombwa na vijana ni roki. Kaseti zililetwa na wanafunzi kutoka Ulaya, tukazinakili mpaka zikawa mvua tupu na gitaa kwa mbali. Mteja mmoja alinitafsiria baadhi. Mwimbaji analia kwamba yuko peke yake chumbani, kuta zinamsogelea, simu hailii, mvua inanyesha ndani ya kichwa. Mimi nikauliza: huyu ana chumba chake peke yake, ana simu, na bado analia? Wallahi nilicheka. Niliona ni kilio cha watu walioshiba. Siku hizo nilikuwa nalala na mama, dada zangu na watoto wao, na kuwa peke yangu chumbani ilikuwa ndoto yangu kubwa.

Vedaste ndiye aliyenifutia kicheko hicho. Alikuwa kijana mrefu wa Kimisagara, mpakiaji wa mizigo uwanja wa ndege Kanombe, na jioni alipiga gitaa kwenye bendi ya roki ya watu wanne. Walikuwa wabaya, sitawapamba. Kwenye harusi waliyopigia, bibi harusi aliomba redio. Lakini walipendana wale vijana, wakaingia dukani kwa kelele, wakakalia meza ya Mzee, na Vedaste alitunga maneno kwa Kiswahili ili mama yake ayaelewe. Mama alikuwa amekulia upande wa Bukavu na Kifaransa alikiita lugha ya posta.

Oktoba ya mwaka ule wa tisini vita vikaanza kaskazini, na mjini wakakamatwa watu wengi, karibu wote Watutsi, eti ni wasaidizi wa adui. Vedaste alikuwa mmoja wao. Mama yake akachukua wadogo zake akavuka kwenda Bukavu kwa ndugu. Vedaste alipoachiwa mwaka uliofuata, kazi ya Kanombe haikuwepo tena, na mwenye kukubali kwamba anamjua hakuwepo tena. Mmoja wa bendi alikuwa amevuka mpaka. Wa pili alipigwa, akahamia Kabuga akajificha kwa mjomba. Wa tatu alijiunga na vijana wa chama, wale wenye filimbi na marungu, na alikuwa akipita mbele ya Vedaste bila kumsalimu. Si kwa hasira. Alipita kama unavyopita nguzo ya umeme. Vedaste aliniambia kwamba hilo lilimuuma kuliko kipigo.

Alikuwa na shangazi mmoja tu mtaani, na chumba cha kupanga. Mwaka wa tisini na mbili akaja kurekodi wimbo wa kumtumia mama yake kwenye kaseti yao. Aliimba peke yake, gitaa moja, sauti ya chini:

Nimepiga hodi mji mzima,
milango inanitazama,
hakuna aliyesema karibu,
hata mbwa hawanibwekei.

Nilisikiliza mashine. Sauti haikupasuka. Nilimpa kaseti yake, nikamwambia iko safi.

Mwanzoni mwa tisini na tatu Mzee Ramazani miguu ilimshinda, akarudi Uvira kwa wanawe, akaniachia duka. Mwaka huo mambo yaliharibika kila wiki. Bomu la mkono sokoni, kizuizi kipya barabarani, jirani aliyehama bila kuaga. Ikaja redio mpya hewani, yenye muziki mtamu kuliko zote, na katikati ya nyimbo mtu anacheka huku akitaja watu kama wadudu. Wateja walileta redio zao niwatafutie stesheni hiyo. Walisema, fundi, maneno achana nayo, muziki wao ni mzuri. Ile sheria ya Mzee, niliyoishika kwa uaminifu wote, sasa nilikuwa naisikia mitaani kwa midomo ya watu, na ilinitia baridi. Niliwaambia redio zao hazishiki masafa hayo. Fundi naye ana haki ya kusema uongo wa kiufundi.

Mwisho wa mwaka ule Vedaste akaja tena. Alikuwa amekonda, shati safi, amenyoa. Alitaka kurekodi Jumapili asubuhi, na mimi nilipenda hivyo, maana Jumapili gereji zilinyamaza na bonde lote lilikuwa kanisani. Mimi Mwislamu sina misa, na yeye alikuwa ameacha kwenda kwa sababu kwenye benchi watu walijisogeza mbali naye. Siku hiyo Kimisagara ilikuwa kimya mpaka unasikia mabati yakitanuka kwa jua. Hakuna mtoto, hakuna jogoo. Alikuja na gitaa, boksi la kugonga kama ngoma, na kaseti moja.

Alitaka bendi. Kwa kuwa bendi haikuwepo, alitaka awe yote yeye. Ninyi mna nyimbo za safu mia kwenye kompyuta. Sisi tulikuwa na deki mbili za kaseti. Alipiga gitaa, nikarekodi deki ya kwanza. Nikaicheza, yeye akagonga boksi juu yake, vyote vikaingia deki ya pili. Kisha nikaicheza hiyo, akaimba. Kisha tena, akajiitikia mwenyewe. Kila tukipanda ngazi moja, mvua iliongezeka na wale Vedaste wa kwanza walizama ndani yake. Mwishoni walikuwa wanne, mmoja karibu, watatu wakififia nyuma kama watu wanaokwenda zao. Aliniomba nimzimie taa ndani ya kijichumba na nifunge mlango. Nilifunga, na nilijisikia vibaya, sijui kwa nini.

Kwa rekodi ya mwisho alinipa kaseti yake. Niliiona imechakaa, nikamwambia nina mpya, nampa bure.

"Hapana," akasema. "Iko hii tu. Ya mama. Andika juu yake."

Nikaandika juu yake. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, sheria ya Mzee ikanitoka. Nilisikia maneno.

Kiti changu mpe mgeni,
shati langu mpe upepo,
usiulize nimelala wapi,
pale hakuna anayeamshwa.

Alipotoka akaegemeza gitaa kwenye ukuta wangu. Akasema likae hapa tu, nyumbani hana nafasi. Nikakumbuka kwamba wiki iliyopita fundi viatu alijisifu kapewa kiti kizuri na Vedaste, bure. Nikamuuliza kaseti inaondoka lini. Akasema kesho, mama wa vitenge anakwenda Bukavu, na akiisha kuikabidhi atakuwa amemaliza. Hakusema amemaliza nini. Huo haukuwa wimbo. Ulikuwa wosia, na mama mtu angeusikia mbele ya ukoo mzima, kwenye redio, kijana akiwa ameshakufa.

Nilimwambia akae nje kwenye jua, lazima nikague kaseti, ndiyo kazi. Ukweli nilikuwa natafuta muda. Nilikuwa nafikiri niite nani. Shangazi yuko misani. Polisi? Kwa Mtutsi anayetaka kufa, mwaka ule? Nikavaa hedifoni, nikacheza wimbo.

Baina ya ubeti na ubeti alikuwa ameacha nafasi tupu. Katika nafasi ile, chini ya mvua, kulikuwa na mtu wa tano.

Nilirudisha. Alikuwepo. Sauti ya mwanamke, ndogo sana, bila maneno, inapanda na kushuka. Nilitazama mlango wa kijichumba, na mlango ulikuwa wazi na ndani hakuna mtu. Nilisoma nilichokijua chote. Kisha, Mungu amrehemu Mzee Ramazani popote alipo, nikakumbuka kwamba hata jini likiingia kwenye kaseti lazima lipite kwenye hedi, kile kichwa cha sumaku kinachogusa utepe.

Deki ya pili, ile tuliyorekodia mara ya mwisho, hedi yake ya kufutia ilikuwa imelika na kukaa upande. Fikirini ufagio mfupi kwenye barabara pana: unafagia katikati, ukingoni unaacha uchafu. Kwenye ukingo wa utepe ule kulikuwa kumebaki uzi mwembamba wa barua ya zamani. Nikachukua bisibisi, nikalegeza skrubu ya hedi ya kusomea, nikaisogeza nywele moja, na nywele nyingine. Vedaste wote wanne wakazama. Na kutoka chini akapanda mama yake.

Alikuwa anamgombeza. Usinitumie tena maneno ya maiti, alisema. Mimi nimelea wanaume, sikulea kilio. Uza hilo gitaa ununue viatu. Kila mtu hapa amesikia, nimeona haya. Kali, sauti ya mtu anayeongea na hadhara. Akamaliza, akamwambia mtu, haya nimezima. Kukasikika kidude kikibonyezwa. Lakini hakuwa amezima. Hilo ni kosa la watu wa barua za kaseti, nimelikuta mara nyingi: wanabonyeza kitufe kisicho chenyewe na utepe unaendelea kutembea. Watu wakatoka. Viti vikaburutwa. Nikasikia maharagwe yakichaguliwa kwenye sinia, tak, tak. Na mwanamke, peke yake sasa, akaanza kuimba.

Ulikuwa wimbo wa hodi, ule wa Vedaste. Aliuimba tangu mwanzo, neno kwa neno. Yale maneno ya maiti alikuwa ameyahifadhi moyoni. Alipofika kwenye milango inayotazama alisimama akapumua. Akaimba kwamba hakuna aliyesema karibu. Kisha hakuendelea na mbwa. Alisema tu, taratibu, kama mtu amesimama mlangoni kwake:

"Karibu, mwanangu. Karibu."

Nikatoka nje nikamvuta kwa mkono. Nilimvalisha hedifoni. Aliposikia ugomvi alitaka kuivua. Akasema hii anaijua, walipoisikiliza kwa shangazi alitoka nje hapohapo, katikati ya ugomvi, shangazi akamtupia kaseti baadaye akamwambia ajibu. Nikamshika kichwa kwa mikono yote miwili, kama mtoto mkorofi anayenyolewa, nikamwambia leo hatoki. Alinisukuma. Sikumwachia. Mimi niliyefundishwa nisimguse mwanamume asiye wangu, nilimbana mpaka akatulia.

Sikuweza kusikia anachosikia. Nilikuwa natazama uso wake tu, na nje bonde lilikuwa bado tupu. Kwa muda mrefu uso haukuwa na kitu. Kisha midomo ikaanza kusogea. Alikuwa anamfuata mama yake, neno kwa neno, bila sauti. Halafu ikaacha kusogea, macho yakapanuka, nikajua amefika kwenye ile karibu.

"Irudishe," akasema.

Nilirudisha. Nilirudisha mpaka watu wakaanza kutoka misani na watoto wakajaa njiani. Mwisho akavua hedifoni, akajifuta uso na lile shati lake safi, akaniangalia.

"Fundi, mama anaimba vibaya," akasema. "Nitaenda kumfundisha."

Kaseti hakuituma. Alisema barua hii atajibu kwa mdomo. Nami nilimsifu, nikamwambia ndiyo, nenda wewe mwenyewe, mama anataka mtu hataki utepe. Alichukua gitaa lake. Kiti hakurudishiwa, fundi viatu alikuwa amekizoea.

Ilibaki karatasi ya kusafiria. Alikwenda ofisini, akaambiwa arudi kesho, na kesho yao ilikuwa ndefu. Lakini miezi ile ya mwanzo wa tisini na nne alikuwa mtu mwingine. Alibeba zege, akala, akamnunulia mama kitenge chenye ndege wekundu akaniletea nimhifadhie. Akatunga wimbo wa furaha, mbaya kuliko nyimbo zake zote, unaohusu maziwa na jua. Nilimwambia ukweli, huzuni ilikufaa zaidi. Alicheka mpaka akakohoa. Niliona raha moyoni, raha ya kweli. Nikajisemea, huyu amevuka.

Aprili ikafika. Sitaandika Aprili, wapo walioiandika na ninyi mmefundishwa. Ilikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na Vedaste aliuawa katika siku za kwanza, karibu na chumba chake. Shangazi yake pia. Kaseti alikuwa nayo mfukoni, aliniambia mtu aliyeona, na sikuuliza zaidi. Nimesikia baadaye watu wakisema kwa upole, labda kwake ilikuwa nafuu, si alitaka kufa? Hapana. Nisikilizeni vizuri. Alikuwa na haraka ya kuishi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Nilikasirika wakati ule na ninaandika hapa nikiwa nimekasirika bado.

Mimi nilisalimika Nyamirambo. Vita vilipoisha nilirudi dukani. Mlango ulikuwa umevunjwa, deki zilikuwepo, mwizi hakujua thamani yake. Kabla sijafagia alikuja mjane na kaseti ya nyimbo za kanisa. Alitaka sauti ya mumewe iliyokuwa chini ya hizo nyimbo, zamani, kabla hawajaifuta. Sijui alisikia kwa nani kwamba inawezekana. Nikachukua bisibisi. Nikampata, anahesabu moja mbili tatu, anajaribu maikrofoni, basi, hakuna kingine. Yule mama alitosheka. Kesho yake walikuja wengine. Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu kwa miaka mingi kabla sijafika kwenu: kulegeza skrubu, kusogeza nywele moja, kuwatafuta watu ukingoni. Mara nyingi sikupata kitu ila mvua. Nilipompata mtu nilisikiliza kila neno.

Na siku moja, kabla mwaka haujaisha, akaingia mwanamke mfupi, kilemba cha buluu, vumbi la safari hadi magotini. Watu walikuwa wanarudi kutoka kila upande. Akauliza kama mimi ndiye fundi wa kike ambaye mwanawe alikuwa akimtaja. Nilimjua alipofungua mdomo. Nilikuwa nimemsikia mara nyingi kuliko nilivyomsikia mama yangu.

Kufa kwa mwanawe alikuwa ameshaambiwa. Hakuja kwa hilo. Nilimpa kitenge chake, akakipokea bila kukikunjua. Akakaa, akaweka mikono mapajani.

"Nilimtumia kaseti," akasema. "Nilimgombeza mbele ya watu. Hakunijibu tena. Mutoto yangu amekufa na maneno yale kwenye masikio."

Jamani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mimi nilikuwa natazama tu kwa nje. Nikamwambia hapana, mama. Alikusikia ukimwimbia.

"Sikumwimbia. Nilimgombeza, nikazima mashine."

Nilimwambia mashine haikuzimika. Nilimweleza yote, hedi, ukingo, Jumapili ile, jinsi alivyosema irudishe, jinsi alivyongoja karatasi ili aje kumjibu kwa mdomo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniangalia kwa huruma, nikaona hanisadiki. Alikuwa ameshafarijiwa na watu wengi mwaka ule na alikuwa ameshazijua sauti zao. Akaomba kuisikia. Nikasema kaseti mwanawe alikuwa nayo mfukoni siku aliyouawa. Akatikisa kichwa polepole, akaanza kuinuka, akanishukuru kwa wema wangu.

Kuna kitu sijawaandikia hapo juu, kwa sababu niliona ni kidogo na kinavunja heshima ya mambo. Nikamwambia sasa.

"Ulikuwa unachagua maharagwe, mama. Ukaimba mpaka pale penye milango. Hapo bata wa jirani akaingia ndani. Ukasema, toka wewe mwizi, mwambie mama Furaha akufunge. Ukampiga na kitu, ndoo ikaanguka. Ndipo ukaendelea kuimba."

Alibaki nusu amesimama, ameshika kitenge.

"Yule bata," akasema.

Akakaa tena. Alicheka kwanza, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa, na mabega yakaanza kutikisika, na kilio kikaja baada ya kicheko wala sikuweza kusema kimoja kimeishia wapi. Nilimshika mkono. Alilia mpaka akachoka, kisha akatulia, akakikunjua kitenge, akawatazama wale ndege.

"Basi alinisikia," akasema, na akaniomba maji ya kunywa.